Kioo Kizuiamoto katika Shule za Mbao: Mfano wa Timboroa

Timboroa, iliyo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, imeinuka zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake haina mzaha. Misonobari na misaipresi imetanda pande zote, na kwa sababu hiyo mbao ndiyo mali ghafi ya ujenzi iliyo karibu zaidi na mkono wa fundi. Mji jirani huitwa Burnt Forest, yaani msitu ulioungua. Wenyeji wamelizoea jina hilo kiasi cha kutolisikia tena maana yake.

Swali la usalama wa shule za mbao si la kinadharia. Mnamo Machi 1998, wasichana 26 waliangamia bwenini huko Bombolulu, na Machi 2001 wavulana 67 wakateketea Kyanguli, Machakos. Katika visa vyote viwili, milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma yaliwanyima wengi njia ya kutokea. Septemba 2024, wavulana 21 walifariki katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambako majengo mengi yalikuwa ya mbao na moto ukaenea kwa kasi.

Hata hivyo, mbao zote hazitendi sawa mbele ya moto. Banzi jembamba huwaka pande zote mbili na kwisha kwa dakika chache. Boriti nene, kwa upande mwingine, hufanya ganda la mkaa ambalo huukinga moyo wake. Mti laini huliwa na moto kwa takribani milimita 0.7 hadi 0.8 kwa dakika. Ndiyo maana wahandisi wa leo huthubutu kujenga madarasa ya ghorofa kwa mbao nzito zilizogandishwa pamoja. Pengo la ukuta wa namna hiyo aghalabu si mbao, bali ni dirisha.

Kioo cha kawaida hakiungui, hupasuka. Sehemu ya katikati hupata joto na kutanuka, ilhali kingo zilizofichwa ndani ya fremu zingali baridi. Tofauti ya nyuzi 40 hivi za Selsiasi yatosha kukivunja, na kikianguka, moshi na ndimi za moto hupata mlango. Kwa hiyo istilahi "kioo kisichoungua", ambayo husikika madukani, inapotosha. "Kioo kizuiamoto" inafaa zaidi, kwa kuwa sifa inayotafutwa ni kuzuia, si kutoungua.

Vioo hivyo ni vya aina kadhaa. Cha kale ni kile chenye wavu wa waya ndani yake: hupasuka kama vingine, ila waya huvishika vipande mahali pake. Wengi hudhani waya hukiongezea nguvu. La hasha! Mtoto akikigonga kwa mkono huvunjika upesi kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule, na waya hukata nyama. Aina nyingine ina matabaka ya silikati baina ya vioo viwili au zaidi. Joto lifikapo nyuzi 120 hivi, matabaka hayo huumuka kama unga wa mandazi, yakawa povu zito lisilopenyeka hata kwa macho. Hicho huzuia moto na pia joto lenyewe. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, maana mwanafunzi anaweza kuunguzwa na joto lipitalo kiooni hata kabla ya moto kumfikia.

Fremu nayo isisahaulike. Katika jaribio la kawaida la moto, tanuri hufikia nyuzi 840 hivi baada ya dakika 30, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Fremu nene ya mbao ngumu huungua polepole na kuendelea kushika. Hapo mbao huishinda metali.

Je, kioo hicho kiwekwe wapi? Si kwenye dirisha la nje la bweni. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi, ilhali kioo kizuiamoto kwa kawaida hukazwa kisifunguke. Kukitia hapo ni kurudisha vyuma kwa sura nyingine. Mahali pake ni ukuta baina ya darasa na ushoroba, mlango wa ngazi, na kizigeu kati ya jiko na bwalo: mahali ambapo mwanga unahitajika na njia ya kutorokea lazima ibaki salama.

Bei yake ni kubwa, na shule yenye kuta za mabanzi haina sababu ya kuanza nacho. Milango miwili ifungukayo nje hutangulia. Shule iwezayo kukinunua ipime nafasi kwanza, kwani kioo kilichokazwa kwa joto hakikatwi tena na fundi, na chenye matabaka huharibika kingo zake zikifunuliwa kwa unyevu. Kisha itazame pembeni mwa kila kipande: kioo halisi huwa na chapa isiyofutika yenye kiwango chake. Kisichokuwa nayo kihesabiwe kuwa kioo cha kawaida, hata muuzaji aape vipi.