Mtoto Mwenye Selimundu Halelewi na Mama Peke Yake

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo ulio kichwani pa mtu mwingine huonekana mwepesi kwa yule anayeutazama tu. Methali hii yawahusu sana majirani wa wazazi wenye mtoto wa ugonjwa wa selimundu. Jirani humwona mtoto akicheza uwanjani siku ya Jumatatu, na siku ya Jumatano husikia kwamba amelazwa hospitali. Kisha hujiuliza kama ugonjwa huo ni wa kweli, au kama mama hajui kulea. Yafaa basi kila mtu aelewe ugonjwa huu ni kitu gani, na ni msaada gani unaotakiwa kwa watu wanaokaa karibu na nyumba kama hiyo.

UGONJWA WENYEWE

Katika damu ya kila mtu mna chembe nyekundu zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuieneza mwilini mwote. Chembe hizo ni za mviringo na ni laini, hata hupita kwa urahisi katika mishipa midogo kabisa. Lakini chembe za mtoto mwenye selimundu hugeuka zikawa ngumu, tena zimepinda kama mundu wa kukatia majani. Ndipo lilipotoka jina la ugonjwa.

Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na mahali palipokosa damu huuma vikali mno. Maumivu hayo hushika mikono, miguu, mgongo au kifua, na mara nyingi huja bila kutazamiwa. Tena, chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini chembe ya mundu hufa baada ya siku 10 mpaka 20. Kwa sababu hiyo mtoto hupungukiwa na damu, huchoka upesi, na macho yake huwa ya manjano. Dalili kwa kawaida huanza kuonekana mtoto akifikia miezi sita hivi, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvimba kwa viganja na nyayo.

SI LAANA WALA SI KOSA LA MAMA

Wengine husema kwamba mtoto amerogwa, au kwamba jamaa wamevunja mwiko. Wengine humlaumu mama, na wanawake kadha wa kadha wamefukuzwa katika nyumba zao kwa ajili hiyo. Mambo haya si kweli. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi, na mtoto hauwezi kuupata mpaka arithi sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama.

Mfano wake ni huu. Baba ana kibuyu chenye punje mbili za maharagwe, moja nyeupe na moja nyeusi. Mama naye anacho kibuyu cha namna hiyo hiyo. Kila mtoto atungwapo mimba, kila mzazi hutoa punje moja bila kuichagua. Mtoto akipata nyeusi mbili, atakuwa na selimundu. Nafasi ya jambo hilo ni moja katika nne, kwa kila mimba. Akipata nyeusi moja, atakuwa kama wazazi wake, yaani mzima wa afya lakini mchukuzi wa punje hiyo. Wazazi wengi hawajui kwamba wanayo mpaka siku mtoto wao anapougua.

Na kwa nini punje hiyo imeenea zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani kuliko nyanda za juu? Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba wachukuzi walikuwa wengi karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria, mahali penye malaria nyingi, na wachache milimani. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake: mwenye punje nyeusi moja hukingwa asiuawe kwa urahisi na malaria. Kwa hiyo punje hiyo ilidumu katika koo za watu kwa sababu iliwaokoa wengi. Lakini mtoto mwenye punje mbili hana salama hiyo; malaria ni adui yake mkubwa.

KAZI YA KILA SIKU

Tazama kazi iliyomo katika nyumba moja ya namna hii. Asubuhi na jioni mtoto mdogo hupewa penisilini, mpaka atimize angalau miaka mitano, ili kumkinga na maradhi ya mapafu na ya ubongo. Hupewa pia dawa ya kuzuia malaria kama alivyoagiza daktari, na hulala ndani ya chandarua kila usiku. Hana budi kunywa maji mengi, kuvaa nguo za joto wakati wa mvua, na kwenda kliniki kwa siku zilizowekwa. Wengine hupewa dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi nne za Afrika, pamoja na Kilifi hapa Kenya, yalionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo.

Yote hayo yataka nauli, fedha na nguvu. Usiku mtoto anapopata homa, mama hawezi kungoja mapambazuko, kwa maana homa ya mtoto huyu ni jambo la hatari na lazima aonwe na mganga mara moja. Lakini nani atabaki na watoto wengine? Nani atakama ng'ombe? Na mwenye pikipiki, je, atakubali kulipwa mwisho wa mwezi?

MSAADA UNAOFAA

Maneno ya huruma hayatoshi. Katika mtaa ulio na mtoto kama huyu, yako mambo manne ambayo watu waweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, chama cha akina mama au kamati ya kanisa au ya msikiti yaweza kuweka akiba ndogo ya nauli ya usiku, na kupatana mapema na mwenye pikipiki mmoja. Jirani mmoja naye akubali tangu sasa kwamba yeye ndiye atakayelala na watoto watakaobaki nyumbani.

Pili, watu wazima wenye afya watoe damu katika vituo vilivyowekwa. Mtoto mwenye selimundu aweza kuhitaji damu kwa ghafula, na damu haiuzwi dukani wala haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu mwingine tu.

Tatu, walimu waelezwe. Mtoto huyu aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani, na aruhusiwe kwenda msalani mara kwa mara, kwa kuwa figo zake hazizuii maji kama za wenzake. Asikimbizwe mbio ndefu, asinyeshewe mvua, wala asichekwe kwa sababu ni mdogo wa kimo. Anaporudi kutoka hospitali, apewe masomo aliyoyakosa. Akili yake yaweza kuwa sawasawa na ya watoto wengine; kinachompunguzia alama mara nyingi ni siku alizokosa shule.

Nne, wazee wa mtaa wazungumze habari hizi barazani, na wakemee kashfa anazotupiwa mama. Baba naye asikae kando. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walipewa vifaa vya kazi na Serikali mwaka 2023, huzuru nyumba kwa nyumba, nao waweza kuwaelekeza wazazi mahali pa kupimwa. Mtoto aweza kupimwa tangu siku ya kuzaliwa, na vijana wanaokusudia kuoana wapimwe kabla ya arusi.

Watoto wengi wenye selimundu wasiotunzwa hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, wengine bila jamaa zao kujua hata jina la ugonjwa. Bali waliojulikana mapema na kutunzwa wamekua, wamemaliza shule, wamepata kazi na kuzaa watoto wao. Kati ya hao na wale, mara nyingi tofauti ilikuwa saa chache za usiku mmoja, na jirani aliyefungua mlango alipobishiwa hodi.