Chui mweusi amehamia kabati la mama!

KAMA unadhani midoli ni ya watoto tu, basi pita Kasesya uniulize. Nina miaka 26, fomu foo nimemaliza, ndevu ninazo, na kwenye kabati la vyombo pale sebuleni, katikati ya vikombe vya wageni, amesimama Black Panther. Siyo picha. Sanamu ya plastiki, urefu sentimita 15 hivi, inakunja goti, kiwiko, mpaka kifundo cha mguu.

Alimleta marehemu kaka yangu mwaka 2018, mwaka ule filamu ya Chadwick Boseman ilipotikisa mabanda ya video. Kaka alikuwa utingo wa lori, safari zake Zambia, na siku hiyo katokea Lusaka. Akanikabidhi boksi: "Dogo, huyu mshikaji asikae kizembe." Basi, nikaanza kazi ya kumweka pozi.

Usicheke, ni kazi! Mwanzoni nilimsimamisha kama mgambo kwenye gwaride, akawa kituko. Baadaye nikashtuka: kiuno kigeuke kidogo, bega moja lishuke, macho yafuate mkono unakoelekea. Uzito nao lazima uangukie kwenye nyayo. Ukimwinamisha mbele bila kurudisha mguu mmoja nyuma, usiku utasikia "kachaa!" na kikombe cha mama kimekwenda na maji.

Kijiweni wananiita mcheza midoli. Sawa, lakini hata Wamarekani waliona aibu hiyo hiyo. Kampuni ya Hasbro ilipotoa askari wake G.I. Joe mwaka 1964, mwenye sehemu 21 za kuchezesha, ilikwepa kabisa neno mdoli. Ikatunga jina jipya ili wavulana wasione haya kununua. Ujanja mtupu!

Balaa liko kwenye vikorokoro. Wangu alikuja na viganja vya akiba, vya ngumi na vya kucha wazi. Unachomoa kimoja, unachomeka kingine, na kipini chenyewe chembamba kama njiti ya kiberiti. Sasa baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba unaijua wewe? Plastiki inakakamaa kama ugali wa jana. Dawa ni maji ya moto, yasiwe yanatokota: tumbukiza kiungo nusu dakika kilegee, halafu chomoa taratibu.

Mimi, asubuhi moja ya baridi, nikajifanya fundi. Nikazungusha kikavu. Ka! Kipini kikabakia ndani ya mkono. Nikakimbilia supa gluu, kosa la pili hilo. Gundi ikapenya kwenye kiungo, ikaganda, ikaacha ukungu mweupe juu ya plastiki nyeusi. Kiganja cha kulia mpaka leo kimepinda, hakigeuki.

Kaka alifariki mwaka 2021. Tangu hapo nikapiga marufuku: haguswi! Hata mwanaye, ambaye sasa ana miaka tisa, aangalie kupitia kioo tu. Vumbi la kiangazi nafuta mwenyewe kwa brashi laini. Jua la dirishani namkinga, maana plastiki inapauka. Mama alikuwa akinung'unika kwamba wageni wanakunywa chai kwenye vikombe vya bati wakati paka analala kwenye vya udongo.

Juzi narudi kutoka mpakani, nakuta kabati wazi. Moyo ukanilipuka. Mtoto amemketisha juu ya bakuli lililofunikwa, viwiko magotini, kiganja kibovu kimefichwa katikati ya mapaja. Nikainua mkono nimzabe kofi.

"Nani kakuruhusu?"

"Baba mdogo, hivi ndivyo baba anavyokaa."

Akaonyesha ukutani. Jamani! Kwenye ile picha kaka kakaa juu ya bampa la lori, viwiko magotini, vivyo hivyo. Miaka yote namrusharusha yule chui kwa mapozi ya sinema, picha ipo hatua mbili kutoka kabatini, na sikuiona.

Mama akaja. Akatazama sana, hakusema neno. Akasogeza birika ili nafasi ipatikane.

Mtoto akaniuliza kama maji ya moto yanalegeza na shingo, maana kwenye picha baba kageukia pembeni. Nikaenda kuwasha jiko.