Ndovu Wapita Chini, Malori Juu

Wanangu, ukisimama Nyeri mjini asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya uko upande wa mawio na safu ya Aberdare upande wa machweo. Zamani ndovu walivuka kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Leo katikati kuna mashamba, masoko, barabara za lami na shule zenu.

Kundi la ndovu huongozwa na jike mzee. Yeye ndiye anayekumbuka maji yalipo wakati wa kiangazi, na njia aliyoonyeshwa na mama yake haiachi kwa urahisi. Akikuta mahindi katikati ya njia hiyo, atakula, na usiku mmoja unatosha kummalizia mkulima mavuno ya msimu mzima. Simlaumu anayepiga madebe gizani kumfukuza ndovu; ana karo ya kulipa. Wala simlaumu ndovu.

Kaskazini mwa mlima, wenye mashamba makubwa ya ngano walitoa ardhi ili ndovu wapate njia. Ukatengwa ushoroba wa kilomita 14 kutoka mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa, nao ukawekewa uzio wa umeme pande zote mbili. Ila barabara ya Nanyuki kwenda Meru iliukata, na malori hayalali. Basi kikajengwa kivuko chini ya barabara, cha kwanza cha aina yake kwa ndovu Afrika.

Je, wangekubali kuingia? Ndovu hutambua mtikisiko wa ardhi kwa nyayo zake, na hapo lori linanguruma juu ya kichwa. Siku ya Mwaka Mpya wa 2011, dume aliyeitwa Tony aliingia, akatokea upande wa pili. Wengine wakafuata. Mwaka 2013 UNESCO ikaongeza Lewa na Ngare Ndare katika eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya.

Pasueni bonge la kinyesi cha ndovu mkiongozana na askari wa wanyamapori. Ndani mtaona nyuzi za nyasi, vipande vya magome, na mbegu nzima zilizopita tumboni salama. Mvua ikinyesha, zinachipua mbali na mti uliozizaa. Ndovu anayetembea anapanda msitu. Aliyefungiwa mahali pamoja huvunja miti ile ile mpaka iishe. Na misitu ya milima hii miwili ndiyo inayolinda chemchemi za Mto Tana, mto unaotupatia umeme.

Upande wetu hakuna kivuko. Aberdare ilizungushiwa uzio wa kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009. Mahindi yamepona, nami nashukuru, lakini ndovu wa safu hiyo na wa Mlima Kenya wametengana. Natamani wakutane tena. Kule kaskazini mazungumzo yalikuwa na wenye mashamba makubwa wachache. Hapa kati ya milima hii miwili kuna maelfu ya wenye vishamba vya ekari moja au mbili, na kila ekari inalisha familia.