Njia ya Kilimatinde Inaishia Bagamoyo

Wajukuu zangu wa Singida, leo nawapeleka baharini, ila safari yetu inaanzia nyumbani. Karibu na Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, pana mahali paitwapo Kilimatinde. Mwaka 2006 Tanzania iliipelekea UNESCO mapendekezo ya njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hicho cha nne ni chetu.

Njia yenyewe ilitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikaingia Mgunda Mkali, ile nyika ya vichaka ambayo leo iko pande za Itigi na Manyoni. Kisha ikakata Ugogo na kuteremka hadi Bagamoyo. Ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi, na watu waliukamilisha kwa miguu.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia, ameshika bendera, ngoma ikilia karibu naye. Nyuma yake walifuatana wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Kwenda bara walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Mgunda Mkali waliupita haraka, maana maji yalikuwa haba. Wakifika Ugogo, watemi waliwadai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo ndipo wapewe njia na maji. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Tabora mwezi Juni.

Sasa sikilizeni vizuri. Wapagazi wengi walikuwa watu huru, walilipwa ujira wao. Lakini katika njia hiyohiyo walipita watu waliotekwa, wamefungwa minyororo, wanaenda kuuzwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Hapa Tanganyika sheria ya kuukomesha ilikuja mwaka 1922. Mkitembea Bagamoyo mtaona milango ya nakshi na nyumba za mawe zinazopendeza macho. Zitazameni, lakini kumbukeni pia nani alizitajirisha.

Nyinyi hamtatembea miezi mitatu kama Stanley. Basi litawatoa Singida, Manyoni, Dodoma na Morogoro hadi Chalinze. Hapo mtashika njia ya Msata, kisha mtaifuata barabara ya lami inayoshuka Bagamoyo. Ukipenda treni, tangu 2024 ile ya reli ya kisasa inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70.

Mkifika, anzieni misheni ya Wakatoliki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakakomboa watumwa, hasa watoto, wakawajengea kijiji. Leo pana makumbusho yenye picha na vifaa vya enzi hizo, na nje umesimama mbuyu mkubwa. Hapo pia kuna mnara wa kanisa la zamani, na mnara huo una kisa chake.

Mei 1873 daktari Mskoti David Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba mabegani kwa miezi mingi, wakipitia Tabora. Waliwasili Bagamoyo Februari 1874 na kuulaza katika kanisa hilo, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa London, ukazikwa Aprili mwaka huohuo. Vitabu vingi humtaja Livingstone. Nyinyi shikeni pia majina ya Susi na Chuma.

Kilomita chache kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole. Msikiti wake ni wa karne ya 13, na makaburi yake yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Katika makumbusho madogo ya hapo kuna vigae vya vyombo vilivyotoka ng'ambo, hata Uchina. Mjue kwamba watu wa pwani yetu walifanya biashara na dunia karne nyingi kabla ya Wajerumani kuja.

Wajerumani nao waliifanya Bagamoyo makao makuu ya utawala wao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Sababu ni kwamba ufuko wa Bagamoyo una kina kifupi, meli kubwa zilitia nanga mbali, ilhali bandari ya Dar ni ya kina kirefu. Reli ya Kati nayo ilianzia Dar, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa, na Bagamoyo ikabaki nyuma. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kale zimesalia: hapakuwa na haraka ya kuzibomoa.

Najua njaa imeshawauma. Nendeni soko la samaki, karibu na forodha ya zamani ya Wajerumani, mashua zinaporudi. Sisi tumezoea perege na kambare. Pale mtaona changu, ngisi, pweza na kamba, na mtasikia mnada ukipigwa mchangani. Kula muhogo wa kukaanga kwa pilipili, onja supu ya pweza, kisha omba wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Mpishi hukuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui la kwanza, zito, akaliweka kando. Huongeza maji akakamua la pili, jepesi, na hilo ndilo linalotangulia chunguni. Tui zito huingia mwishoni, na hapo lazima akoroge bila kuacha, lisije likakatika. Ukirudi nyumbani kwenye ugali wa uwele na mlenda, utakuwa na la kusimulia.

Ikiwezekana, nendeni wakati wa tamasha. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na leo kinaitwa TaSUBa. Tamasha lake la sanaa na utamaduni hukusanya ngoma, maigizo, sarakasi na muziki kutoka mikoa mbalimbali na nchi za nje. Tarehe hubadilika, basi ulizeni mapema.

Na hapo mtakutana tena na kwetu. Hukwe Zawose, bingwa wa kupiga ala za ilimba na zeze, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Wagogo ni majirani zetu waliojaa hadi Manyoni. Alitoka bara akaenda kupiga na kufundisha muziki wa Kigogo Bagamoyo, akazunguka nao duniani, na huko Bagamoyo akafariki mwaka 2003. Wanawe na jamaa zake wameuendeleza. Zamani njia ile ilipeleka pwani pembe na watu waliofungwa. Zawose alipeleka muziki, kwa hiari yake.

Basi mwombeni mwalimu wenu wa historia awapeleke Kilimatinde kwanza, ni karibu na nauli yake si kubwa. Waulizeni wazee wa pale waliyosikia kwa babu zao kuhusu misafara, myaandike daftarini kabla hayajapotea, kisha ndipo mwende Bagamoyo. Anayeijua Bagamoyo bila Kilimatinde ameujua mwisho wa njia tu.