Mji Mkubwa Duniani ni Upi?

Wiki ya pili ya muhula, mhadhiri alituuliza: mji gani una umuhimu duniani, na kwa nini? Majibu yakamiminika: New York, London, Dubai. Mimi nikataja Kilwa. Darasa likaangua kicheko, na mshikaji mmoja wa viti vya nyuma akamalizia: "Huyu katoka Nanyamba, kwake hata Mtwara mjini ni Ulaya." Siku ile sikuwa na la kujibu. Leo ninalo.

Wengi wetu tunapima mji kwa watu na maghorofa. Kwa kipimo hicho Kinshasa ingeipita London, maana ina watu wengi zaidi. Mwaka 1991 mwanasosholojia Saskia Sassen alitoa kitabu kuhusu New York, London na Tokyo, na hoja yake, nikiieleza kwa lugha yetu, ni hii: kiwanda kinaweza kuwa huku na shamba kule, lakini kazi ya kuendesha uchumi huo haitawanyiki. Inajikusanya kwenye miji michache yenye mabenki, kampuni za bima, wanasheria na wahasibu. Uamuzi ukitoka pale, unamgusa mtu ambaye hajawahi hata kuusikia mji wenyewe.

Sasa turudi Kilwa. Dhahabu iliyoitajirisha haikuchimbwa pale. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikashukia Sofala, Msumbiji ya leo. Kilwa waliishika Sofala, wakatoza ushuru. Na pepo ziliwasaidia: jahazi lililoshuka na kaskazi kutoka Arabuni likienda kusini zaidi ya Kilwa lilikuwa hatarini kuikosa kusi ya kurudia. Kwa hiyo mfanyabiashara aliishia Kilwa, na bei akaikuta Kilwa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia! Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana. Wareno walipoupora mji mwaka 1505 na kuishika Sofala, dhahabu ikakata njia. Misikiti ilibaki imesimama, ila bei haikuamuliwa pale tena.

Kwetu Nanyamba dhahabu ni korosho. Mjomba wangu anapulizia salfa, anaokota, anaanika, anapeleka chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani, kisha mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima anayo angalau nafasi ya kuikataa bei, tofauti na zamani za kangomba, mtu alipouza kwa kibaba hata kabla ya mavuno kwa sababu ya njaa. Mwaka 2018 wakulima waliikataa kweli, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kusomba mzigo. Ilikuwa vurugu, lakini kwa wiki chache korosho ilikuwa inazungumziwa kwetu.

Kwa kawaida haizungumziwi kwetu. Sehemu kubwa inapakiwa ghafi, na maganda yake, kwenda kubanguliwa Vietnam na India, na mnunuzi anayekuja mnadani tayari anajua kiwanda cha kule kitampa ngapi. Bandari ya Mtwara ina kina kizuri, meli zinafika. Kilwa nayo meli zilifika, tena za tanga. Tofauti ni kwamba Kilwa meli ilingoja kuambiwa bei, Mtwara meli inakuja nayo.

Msimu uliopita mjomba alinipigia simu usiku, mnada wa kwanza ukiwa kesho yake.

"Mpwa wangu, si mnasoma mambo ya dunia huko? Hebu niulizie, hawa wa Vietnam mwaka huu wanasemaje?"

"Nitauliza, mjomba."

Nilikuwa nimeshika karatasi ya ada, na tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa.