Filamu Nazo Zahitaji Lindo

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Hawakupata kuijua filamu, kwani filamu ikiachwa bila mlinzi huoza kama mahindi yaliyotiwa ghalani yakiwa mabichi. Filamu za kwanza, zilizotumika tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitengenezwa kwa naitreti, dawa ambayo ni ndugu wa baruti isiyotoa moshi. Askari aliyesomea risasi ataifahamu mara moja hatari yake: filamu hiyo ikishika moto huendelea kuwaka hata ikizamishwa majini. Zilizofuata haziwaki hivyo, lakini zikikaa mahali penye joto na unyevu huanza kunuka siki, hunyauka, na mwisho picha hutoweka. Kanda za video huota ukungu. Diski hukwaruzika. Kila kitu kilichobeba picha kina adui wake.

Makala haya yanawahusu askari na polisi ambao, baada ya zamu, hupenda kutazama sinema nyumbani au kambini. Wengi wetu huitazama filamu mara moja tu, tukaiacha ipite kama gari la barabarani. Kukusanya filamu bora za zamani na za kisanaa, kuzinunua moja moja na kuzitunza kabatini, huonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Kwa hakika ni kazi ya ulinzi, na hapa Rwanda zipo sababu za kuithamini kuliko penginepo.

Nchi hii inaijua thamani ya picha iliyohifadhiwa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 waliuawa watu zaidi ya milioni moja, lakini picha za sinema zinazoonyesha mauaji yenyewe yakitendeka ni chache mno. Baadhi ya hizo chache zilipigwa mwezi wa Aprili mwaka huo na Mwingereza mmoja, Nick Hughes, akiwa juu ya jengo la Shule ya Kifaransa mjini Kigali. Baadaye picha hizo zilitolewa kuwa kielelezo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha. Polisi mpelelezi hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo, kwani kielelezo kilichopotea njiani hakina la kusema mahakamani. Hughes huyo huyo ndiye aliyeongoza filamu ya 100 Days, iliyotoka mwaka 2001 ikiwa ni filamu ya kwanza ya kuigiza kuhusu mauaji hayo. Mtayarishaji wake alikuwa Mnyarwanda, Eric Kabera.

Sinema iliingia majumbani mwa watu kwa njia ya video. Kanda za mtindo wa VHS zilitolewa Japani mwaka 1976, zikaenea duniani kote, na kiwanda cha mwisho kilichojulikana kuziundia deki kiliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Diski za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na za Blu-ray mwaka 2006. Mjini Kigali kanda na diski hizo zilizaa jambo la aina yake, nalo ni agasobanuye, yaani filamu ya kigeni iliyofasiriwa kwa Kinyarwanda na mtu mmoja anayesema maneno ya wahusika wote, huku akitia mzaha na maelezo yake mwenyewe. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Nkusi Thomas, aliyejulikana zaidi kwa jina la Yanga, aliyefariki dunia mwaka 2022. Waganda wanayo desturi hiyo kwa Kiluganda, na kule Dar es Salaam watu wengi wa makamo wanaikumbuka sauti ya Lufufu akitafsiri kwa Kiswahili.

Wafasiri hao walifanya kazi kubwa. Waliwafungulia sinema watu wasiojua Kiingereza wala Kifaransa. Lakini filamu walizozichagua aghalabu zilikuwa za ngumi za Hong Kong, za mapenzi ya Bombay na za bunduki za Marekani. Filamu za kale zilizosifika kwa usanii wao hazikupata mfasiri. Hivyo wengi wetu tuliamini kuwa zile ni za maprofesa, na kwamba askari hana lake humo. Tuziangalie chache, msomaji ajiamulie mwenyewe.

Mwaka 1949 mwongozaji Mjapani, Akira Kurosawa, alitoa filamu iitwayo Nora inu, maana yake Mbwa Koko. Inamhusu mpelelezi kijana wa Tokyo ambaye bastola yake inaibwa ndani ya basi lililojaa watu. Silaha ile inaanza kutumika katika uhalifu, na kila risasi inayotoka inamchoma moyo mwenye silaha. Anasaidiwa na mkubwa wake kazini, mtu mzima mwenye subira, na wote wawili wanamsaka mwizi katika joto kali la kiangazi. Ni polisi gani atakayeitazama filamu hiyo asishike kiuno kuhakikisha kuwa bastola yake ingalipo?

Mwaka 1966 Mwitalia Gillo Pontecorvo alitoa The Battle of Algiers, kuhusu vita vya ukombozi wa Algeria ndani ya mitaa ya mji mkuu. Filamu hiyo inaonyesha mabomu ya wapigania uhuru yakiua raia, na vilevile inaonyesha askari wa miavuli wa Kifaransa wakiwatesa wafungwa ili wapate habari. Mbinu hizo ziliwapa Wafaransa ushindi katika mji mwaka 1957, lakini mwaka 1962 Algeria ilikuwa huru. Mwaka 2003 wakuu wa jeshi la Marekani waliitazama filamu hiyo makao makuu yao, Pentagon, wakati majeshi yao yalipokuwa Iraki. Filamu ambayo maofisa wa jeshi huirudia baada ya miaka 37 haiwezi kuitwa ya maprofesa peke yao.

Ipo pia Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Ousmane Sembène wa Senegali pamoja na Thierno Faty Sow. Inasimulia habari za askari Waafrika waliopigana upande wa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Pili. Waliporudi karibu na Dakar walidai mishahara yao, na tarehe 1 Desemba 1944 jeshi walilolitumikia likawapiga risasi. Kwa miaka mingi habari ile ilisemwa kwa sauti ya chini. Filamu iliisema kwa sauti ya juu.

Na tusidhani kuwa filamu bora zatoka ng'ambo tu. Mwaka 2018 mwongozaji Mnyarwanda, Joël Karekezi, alitoa La miséricorde de la jungle, yaani Huruma ya Msitu. Sajini Xavier na askari kijana Faustin wanaachwa nyuma na kikosi chao katika msitu wa Kongo mwaka 1998. Wana njaa, maji ni shida, maadui wako kila upande, na kila mmoja anabeba kumbukumbu asizozitaka. Mwaka 2019 filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, ile ya Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Kwa askari aliyewahi kukaa lindoni porini, filamu hiyo haihitaji mfasiri.

Filamu hizo zimetufikiaje? Zile za kale zilifika kwa sababu walikuwapo watu waliozilinda, na wengine walizilinda kwa kuhatarisha maisha. Mfaransa Henri Langlois, mmoja wa walioanzisha hifadhi ya filamu ya Paris mwaka 1936, alizificha filamu nyingi wakati mji huo ulipokaliwa na majeshi ya Hitler. Mjini Kabul, Wataliban walipotawala baina ya 1996 na 2001, wafanyakazi wa hifadhi ya taifa ya filamu walijenga ukuta wa uongo, wakaziweka nyuma yake filamu za nchi yao. Walipotakiwa kuzitoa zichomwe, walitoa nakala za ziada, na zile za asili zikabaki gizani salama.

Habari ya ajabu zaidi ni ya La Grande Illusion ya Jean Renoir, iliyotoka mwaka 1937, inayowahusu maofisa na askari wa Kifaransa waliotekwa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliichukia kama adui. Wajerumani walipoingia Paris, nakala ya asili, ile iliyotoka ndani ya kamera, ilichukuliwa hadi Berlin. Warusi walipoiteka Berlin waliipeleka Moscow. Katika miaka ya 1960 ilirudi Ufaransa katika mji wa Toulouse, ikakaa rafuni bila mtu kuitambua hadi miaka ya 1990. Kampuni ya Criterion ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984 kutoa filamu bora kwa watazamaji wa nyumbani, iliipa filamu hiyo namba 1 katika orodha ya diski zake.

Kwa Afrika kazi hiyo ilichelewa. Mwaka 2017 taasisi ya The Film Foundation, iliyoanzishwa na mwongozaji Martin Scorsese, iliungana na UNESCO na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika ili kukarabati filamu za bara letu. Sambizanga ya mwaka 1972, ya Sarah Maldoror, kuhusu mapambano ya Angola, ilikarabatiwa kwa mpango huo, na Camp de Thiaroye iliyokarabatiwa ilionyeshwa Cannes mwaka 2024.

Hapa linazuka swali gumu ambalo polisi hawezi kulikwepa. Sehemu kubwa ya kanda na diski zilizopita mitaani zilinakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Rwanda ina sheria ya kulinda mali ya ubunifu, na msanii anayenyonywa jasho lake ana haki ya kulindwa kama mfanyabiashara aliyevunjiwa duka. Lakini historia inatupa mfano wa kufikiriwa. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza filamu ya Nosferatu kutokana na kitabu cha Dracula, bila idhini. Mjane wa mwandishi alishtaki, akashinda mwaka 1925, na mahakama ikaamuru nakala zote ziangamizwe. Sheria ilikuwa upande wake. Hata hivyo nakala chache ziliponyoka, na leo filamu ile inahesabiwa miongoni mwa nguzo za sinema duniani.

Kanda za Yanga nazo zinatuletea mtihani huo huo. Picha zilikuwa za wengine, lakini sauti, mzaha na Kinyarwanda kile vilikuwa vyake, navyo ni sehemu ya maisha ya Kigali. Aivunjaye sheria na ashitakiwe. Lakini kabla mzigo wa kanda haujatiwa moto, yafaa mamlaka zinazohusika zifikirie kuweka nakala moja mahali pa hifadhi, si kwa kuuzwa bali kwa kumbukumbu. Mahali pa namna hiyo papo. Kigali ina Kituo cha Iriba, kilichoanzishwa na Assumpta Mugiraneza pamoja na Anne Aghion, ambacho hukusanya picha, sauti na filamu za historia ya Rwanda ili wananchi wazione. Neno iriba kwa Kinyarwanda ni kisima, na kisima kisichotunzwa hukauka.

Kuna wasemao kuwa siku hizi filamu zote zipo katika intaneti. Huo ni usingizi wa mlinzi. Kampuni ya mtandaoni hukodi haki ya kuonyesha filamu kwa muda, na muda ukiisha filamu huondolewa bila mtazamaji kuulizwa. Diski iliyo kabatini mwako haiondolewi na mtu wa mbali.

Kwa anayetaka kuanza, taratibu si ngumu. Nunua nakala halali. Kabla ya kununua, soma alama ya kanda ya dunia nyuma ya kasha: DVD za Marekani ni namba 1, za Ulaya Magharibi namba 2, na sehemu kubwa ya Afrika ni namba 5, hivyo mashine yako inaweza kuikataa diski ya kwingine. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya ziko pamoja chini ya herufi B, na hilo humrahisishia kazi mkusanyaji wa Kigali. Simamisha kanda na diski wima, mbali na jua, na wakati wa mvua za masika zikinge na unyevu. Kanda za VHS zisikae karibu na spika, kwani sumaku hufuta picha. Shika diski kwa kingo zake, na uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje.

Mwisho, fungua daftari. Andika jina la filamu, mwaka, mwongozaji, tarehe uliyoipata, na jina la kila anayeiazima. Askari amezoea kutia saini anapotoa silaha ghalani na anapoirudisha; utaratibu huo huo ndio utakaookoa diski zako. Kambi au kituo cha polisi kikiwa na kabati moja, daftari moja na jioni moja kwa mwezi ya kutazama na kujadiliana, tayari ni hifadhi ndogo. Sinema ya Rwanda bado changa, na filamu zake hazijatawanyika katika hifadhi nyingi za dunia kama za Wajapani na Wafaransa. Haitakuwa haki mjukuu wa askari wa leo aambiwe kuwa ilikuwapo zamani filamu moja njema kuhusu Xavier na Faustin, lakini hakuna aliyeiweka.