Nzige, Senene na Kinyaa Chetu

Mwezi wa Februari 2021 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia katika wilaya za Longido, Simanjiro na Siha, jirani na Momela hii tuandikiamo. Serikali ikawanyunyizia dawa, nasi kazi hiyo twaisifu. Hata hivyo, lipo swali ambalo nzige wajapo huulizwa kwa kicheko tu: mbona hatuwali? Twaona lastahili jibu la watu wazima.

Mmeru na Mwarusha hawakulelewa katika kula wadudu. Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi huruka kufuata taa, na wafaidio ni kuku. Lakini mwenyeji wa Kagera aishiye mjini Arusha, aletewapo furushi la senene kutoka Bukoba, hulipokea kama mtu wa Pwani apokeavyo papa mkavu wa kwao. Senene hunyofolewa mbawa na miguu, akakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, akakaushwa, akahifadhika. Zaidi ya theluthi ya uzito wake mkavu ni protini. Msimu wake mkubwa ni Novemba na Desemba, na siku hizo watu hukesha na taa kali, mabati na mapipa kama wavuvi wa dagaa wakeshavyo na karabai.

Ndugu zetu wa Visiwani, nanyi mwamla kamba na pweza pasipo kusita. Kamba na senene ni jamaa kwa maumbile: wote wana gamba la nje na miguu ya vipingili, hata yule ambaye mwili wake humkataa kamba hana budi kujihadhari na senene pia. Basi anayegeuza uso mbele ya sahani ya senene hageuzwi na ladha asiyoijua; ageuzwa na mazoea. Dini ni jambo jingine, na tusilichanganye na kinyaa. Nzige ni halali, na katika madhehebu ya Shafii huliwa hata pasipo kuchinjwa. Masahaba walimla wakiwa safarini pamoja na Mtume. Kumbikumbi hamo katika ruhusa hiyo. Ama senene, waulizwe masheikh, asiulizwe mpishi wala mzaha wa barazani.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2013 kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani hula wadudu. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya nao ukaidhinisha nzige kuwa chakula. Twachelea kwamba vijana wetu watamkubali senene siku atakapowajia ndani ya kopo lenye maandishi ya Kizungu. Hiyo ndiyo kasumba.

Kwa maofisa tuna mawili. Biashara ya senene ni kipato cha wananchi. Mwenye kusimamia soko asiifukuze kwa sababu yeye binafsi haipendi, bali adai usafi wa sufuria, mafuta na vifungashio kama adaivyo kwa samaki. La pili ni zito zaidi. Nzige aliyenyunyiziwa dawa ni sumu, kwa mtu na kwa kuku wake. Ndege ya dawa itakapopita tena juu ya Longido, tangazo litangulie kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, likitaja vijiji na siku, kabla watoto hawajatoka na vikapu asubuhi.